Penye miti ya ubani, wajenzi ni akina nani?

Chukua chungwa, msomaji. Washa mshumaa mezani, na kama wewe ni mwanafunzi hakikisha mzazi yuko karibu. Menya kipande cha ganda, kikunje, kisha ukiminye kuelekea mwali. Utaona cheche ndogo ndogo zikiruka na chumba kizima kitanukia chungwa.

Je, cheche hizo zimetoka wapi? Ukilitazama ganda hilo kwa makini utaona vitone vingi vilivyojipanga kama vinyweleo vya ngozi. Kila kitone ni kifuko, na ndani yake mna tone la mafuta. Mafuta haya hayafanani na yale ya kukaangia mandazi. Ni mepesi, huwaka upesi, na yakiachwa wazi huruka hewani yasionekane tena. Ndiyo yanayolipa chungwa harufu yake. Mchaichai una yake, karafuu ina yake, mkaratusi una yake, na ubani vilevile.

Mungu aliyeumba chungwa aliyafunga mafuta hayo katika vifuko ili yasipotee. Mwanadamu naye amejifunza kufanya hivyo viwandani, kwa vifuko vidogo kuliko unene wa unywele wako. Wataalamu huiita kazi hiyo maikroenkapsulesheni. Jina ni refu, lakini maana yake ni nyepesi: kulivisha tone la mafuta gamba lake, ili likae ndani mpaka siku linapotakiwa.

Huenda ukauliza hayo yanaihusu nini familia yako. Jibu liko jikoni mwako, na liko pia katika vichaka vya Garissa.

Iliki yenye ganda na iliki iliyosagwa

Akina mama wanalijua jambo hili bila kwenda darasani. Mwulize mama yeyote anayepika pilau au chai ya viungo ni kwa nini ananunua iliki ikiwa na maganda yake. Atakwambia kwamba iliyosagwa zamani haina ladha, "imekufa". Ganda la iliki ni mlinzi. Likivunjwa, mafuta hukutana na hewa, na safari yake ya kupotea huanza dakika hiyo hiyo.

Mafuta ya namna hii yana matatizo matatu. Kwanza, huruka. Pili, hewa, mwanga na joto huyaharibu, na harufu tamu ikageuka kuwa ya kuchacha. Tatu, hayapatani na maji. Ukimimina mafuta ya chungwa katika jagi la maji yataelea juu, na mtoto wa kwanza kunywa atapata harufu yote huku wa mwisho akipata maji matupu.

Gamba huondoa matatizo yote matatu kwa mpigo. Mafuta hayaruki, hewa haiyafikii, na kwa kuwa gamba lenyewe linapatana na maji, punje husambaa kote jagini.

Uunsi wa Galbet

Sasa twende Garissa. Galbet ni mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Garissa Township, pamoja na Waberi, Township na Iftin. Ni mtaa wa mji wa joto, ambako kipimo hupita nyuzi 35 na watu hukisubiri kijibaridi cha jioni kama mgeni wa heshima.

Jioni hiyo ikifika, katika nyumba nyingi za Wasomali utaliona jambo ambalo msomaji wa Pwani atalitambua mara moja, maana kwao kuna chetezo na udi. Makaa machache hutiwa katika dabqaad, kijungu cha kufukizia. Juu ya makaa huwekwa kipande cha uunsi. Moshi hupanda, nguo hufukizwa, na mgeni hukaribishwa kwa harufu kabla hajakaribishwa kwa chai.

Sikiliza jinsi uunsi unavyotengenezwa. Sukari huchemshwa kwa maji kidogo hadi iwe nzito na kubadilika rangi. Kisha hutiwa ubani au udi uliotwangwa, pamoja na mafuta ya manukato. Mchanganyiko humwagwa juu ya sinia, hupoa, hukauka kama peremende, halafu huvunjwavunjwa. Kila mpishi ana siri yake, na siri hiyo humwachia binti yake.

Tazama kilichotendeka hapo. Sukari iliyopoa imekuwa kama kioo, na manukato yamenaswa ndani ya kioo hicho. Yatakaa katika kopo kwa muda mrefu. Yakiwekwa juu ya kaa la moto, kioo kinayeyuka na harufu inaachiliwa.

Huko Marekani, katika miaka ya 1950, wataalamu wa viwanda vya machungwa waliyanasa mafuta ya chungwa ndani ya sukari iliyoyeyushwa kisha wakaiacha igande. Njia hiyo ina jina lake katika vitabu vya teknolojia ya vyakula. Mama wa Galbet anayepika uunsi hana kitabu, lakini kanuni aliyo nayo ni ile ile.

Siri ya kitabu cha risiti

Hadithi ya kapsuli ndogo za viwandani ilianza mahali ambapo hungepatarajia: katika kitabu cha risiti. Wazee wanakumbuka karatasi nyeusi ya kaboni iliyowekwa kati ya kurasa mbili na kuchafua vidole vya makarani. Mtaalamu Barrett Green wa kampuni ya National Cash Register, mjini Dayton, Marekani, alitafuta namna ya kuiondoa. Mwaka 1957 yeye na mwenzake Lowell Schleicher walipewa haki ya uvumbuzi wao.

Walifanya hivi. Waliyeyusha rangi isiyoonekana ndani ya mafuta, wakayavunjavunja mafuta hayo kuwa vitone vidogo mno, kisha wakakivisha kila kitone gamba. Vitone hivyo vilipakwa nyuma ya karatasi ya juu. Kalamu ikikandamiza, magamba hupasuka, mafuta hutoka na kugusa dawa iliyopakwa kwenye karatasi ya chini, na maandishi hutokea. Mpaka leo wachapishaji wa Nairobi huviita vitabu hivyo "NCR", na wengi hawajui kwamba hizo ni herufi za jina la kampuni.

Sasa, gamba lile lilitengenezwa kwa nini? Kwa vitu viwili: gelatini na gundi ya mgunga, ile ambayo wafanyabiashara huiita gamu arabika. Gelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hutoka katika mti unaoota nchi kavu. Vitu hivi viwili vikiwa katika maji ya vuguvugu hukaa bila kujuana. Ukitia asidi kidogo, ukali wa kama siki nyepesi, gelatini hupata chaji chanya ilhali gundi ina chaji hasi. Hapo hushikana, huacha maji, na hukimbilia kulizunguka kila tone la mafuta kama nyuki wanaomzunguka malkia. Maji yakipozwa, gamba hukaza.

Msomaji, hebu simama hapo kidogo. Mafuta yenye harufu, gundi ya mgunga, ngozi na mifupa ya mifugo. Ni mji gani wa Kenya ulio na vyote vitatu? Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa zaidi Afrika Mashariki. Mgunga unaotoa gundi, Acacia senegal, ambao Wasomali huuita adad, huota Garissa, Wajir na Mandera, na pia Isiolo, Samburu, Marsabit na Turkana. Miti ya manemane, ambayo kwa Kisomali ni malmal, na ya ubani iko katika vichaka hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo familia za Kiislamu huliuliza kila zinapopewa kapsuli hospitalini: gelatini hii ni ya mnyama gani? Swali hilo lina msingi, kwa sababu gelatini nyingi duniani hutokana na nguruwe. Gelatini ya ng'ombe waliochinjwa kwa halali ni bidhaa ambayo soko lake linaeleweka bila kuhitaji maelezo marefu.

Kunyunyiza katika hewa ya moto

Njia inayotumika zaidi siku hizi haihitaji gelatini. Gundi safi huyeyushwa katika maji. Mafuta ya chungwa, ndimu au mnanaa humiminwa humo na kukorogwa kwa nguvu hadi yageuke kama maziwa. Maziwa hayo hunyunyizwa, kama mtu anayenyunyiza dawa ya mbu, ndani ya pipa kubwa lenye hewa ya moto wa nyuzi kati ya 150 na 200. Maji hukauka kwa kufumba na kufumbua, na chini huanguka unga. Kila chembe ya unga ni gundi iliyokauka ikiwa imeyameza matone ya mafuta. Kwa kawaida, katika sehemu tano za unga, nne ni gamba na moja ni mafuta.

Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa mafuta huruka hata kwenye baridi, mbona hayaruki kwenye moto huo? Jibu analo kila aliyekunywa maji ya mtungi Garissa. Mtungi hutoa jasho, jasho linakauka, na maji ya ndani yanabaki baridi. Vivyo hivyo, kitone kinachopoteza maji hujipoza chenyewe. Kabla joto halijapenya, ngozi ya nje imeshakauka na mlango umefungwa.

Nenda kabatini ukasome pakiti ya unga wa juisi, supu ya pakiti au peremende. Ukiona E414, hiyo ndiyo gundi ya mgunga. Usipoiona, huenda mwenye kiwanda alitumia wanga uliobadilishwa, ambao ni mshindani wake. Lakini gundi ina sifa moja adimu: mwili wake mkubwa ni wa jamii ya sukari unaopenda maji, na umebeba protini kidogo inayopenda kushikamana na mafuta. Mkono mmoja umeshika huku, mwingine kule. Tena huyeyuka kwa wingi bila kuwa nzito kama uji.

Hagar, kupe na saa tano

Kuna utomvu mmoja wa Kaskazini Mashariki ambao wafugaji wanauthamini kwa sababu isiyo ya manukato. Ni hagar, utokao katika mti wa Commiphora holtziana. Wafugaji wamekuwa wakiutumia kufukuzia kupe. Mwaka 2008 wanasayansi walitangaza matokeo ya kuujaribu maabarani. Waliona kwamba dondoo lake linawafukuza kupe wa ng'ombe, na pia utitiri mwekundu unaowasumbua kuku. Wazee hawakuwa wakibahatisha.

Hata hivyo, katika jaribio la kupe nguvu hiyo ilidumu kwa muda wa hadi saa tano tu. Baada ya hapo kupe hawakujali tena. Mchungaji anayepaka ng'ombe wake asubuhi hawezi kuwarudia kila adhuhuri na kila jioni.

Hapo ndipo gamba linapopata maana kubwa kuliko ladha ya juisi. Mafuta yakifungwa katika gamba linaloachia kidogo kidogo, dawa huweza kudumu zaidi. Katika maabara za nchi nyingi wataalamu wamekuwa wakifanya hivyo kwa mafuta ya mchaichai na ya mkaratusi dhidi ya mbu, na muda wa kinga umeongezeka. Hagar ya Garissa ikivishwa gamba la gundi ya Garissa ingeweza kufika wapi? Hilo ni swali ambalo kijana wa Garissa angelipatia jibu katika maabara ya mji wake. Chuo Kikuu cha Garissa kipo hapo hapo mjini.

Kwa nini tunauza mabichi?

Msimu wa kuokota gundi na utomvu ni kiangazi. Ni wakati ule ule ambapo ng'ombe hawana maziwa na mbuzi hawana bei. Wachungaji, na hasa akina mama na watoto, huokota vipande vilivyojitokeza vyenyewe kwenye magome au palipotobolewa na wadudu. Kiangazi kikali cha kati ya mwaka 2020 na 2023, ambapo mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, kiliua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini Kenya. Kwa familia iliyobaki na punda na mitungi, mfuko wa gundi ni chakula cha jioni.

Mfuko huo huuzwa mjini, hupakiwa loringi, na sehemu kubwa huvuka bahari ukiwa mbichi. Huko nje utomvu hukamuliwa mafuta kwa mvuke, na gundi husafishwa na kusagwa. Vinaporudi kwetu ni katika vichupa vidogo na pakiti zenye picha za matunda. Bei iliyoongezeka njiani imebaki kwa wengine.

Tusimlaumu mtu bila kuitazama kazi yenyewe. Pipa la kunyunyizia ni mashine ghali inayokula umeme. Lakini kabla ya mashine kuna mambo ambayo hayahitaji mamilioni, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

La kwanza ni kutochanganya. Gundi ya Acacia seyal, mgunga mwingine, hushika mafuta kwa unyonge kuliko ile ya Acacia senegal. Mwokotaji akizitia katika gunia moja, pamoja na magome na mchanga, mnunuzi hulipa bei ya takataka. Kutenga mti kwa mti, kupepeta na kukausha kivulini ni kazi ya mikono tu.

La pili ni kutoujeruhi mti. Kwingineko katika Pembe ya Afrika miti ya ubani imechanjwa mno kwa tamaa ya soko mpaka ikadhoofika na kuacha kuzaa. Kwetu desturi ya kuokota kilichojitokeza imeilinda miti. Bei ikipanda, desturi hiyo itajaribiwa. Mti uliokauka hauna msimu wa pili.

La tatu ni kukamua wenyewe. Mtungo wa kukamulia mafuta kwa mvuke ni rahisi kuliko mashine ya kunyunyizia. Karibu na msitu wa Kakamega kikundi cha Muliru, kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, hupanda mmea wa jamii ya mrehani, hukamua mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kule Pemba, kiwanda cha Wawi hukamua mafuta ya karafuu. Kwa hiyo Afrika Mashariki inajua kukamua, na Garissa inaweza kujifunza kwa majirani.

Dunia inatafuta gamba la asili

Mambo mawili yamelifanya jambo hili liwe la haraka. Sudan, inayoongoza ulimwenguni kwa gundi ya mgunga, imo vitani tangu Aprili 2023, na wanunuzi wanatafuta pengine pa kununua.

La pili linahusu sabuni. Kuna sabuni na dawa za kulainishia nguo ambazo harufu yake hudumu wiki nzima kabatini. Mara nyingi manukato hayo yamo katika magamba madogo ya plastiki, ambayo hupasuka nguo ikisuguliwa na mabaki yake huenda mitoni. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia chembe za plastiki zinazotiwa makusudi katika bidhaa. Wenye magamba ya manukato walipewa hadi mwaka 2029 kutafuta njia nyingine. Wataalamu wao sasa wanahangaikia magamba yanayooza yenyewe, na gundi ya miti ni mojawapo ya vitu wanavyovijaribu.

Jaribio la nyumbani

Watoto wasikae bure Jumapili hii. Wakipata kipande cha gundi safi ya mgunga kwa wauza ubani, wailoweke kijiko kikubwa kimoja, ikiwa imetwangwa, katika nusu gilasi ya maji usiku kucha. Kesho yake watafute chupa mbili zenye vifuniko. Moja watie maji matupu, nyingine maji ya gundi. Katika kila chupa waongeze kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia, kisha watikise kwa nguvu kwa dakika mbili na kuziweka mezani.

Katika chupa ya kwanza mafuta yatapanda juu upesi. Katika ya pili maji yatabaki kama maziwa kwa muda mrefu zaidi. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kila kiwanda tulichokitaja. Mtoto aliyeiona kwa macho yake hataisahau.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Garissa ina miti. Ina mafuta, ina gamba, ina mifugo, na jikoni mwa Galbet mna akina mama ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakifunga harufu ndani ya sukari na kuifungulia juu ya makaa. Wajenzi wanaotafutwa huenda wako sekondari sasa hivi, wanalalamika kwamba somo la kemia ni gumu. Mzazi, ukimkuta wako akiminya maganda ya machungwa mbele ya mshumaa, usimgombeze. Sogeza kiti ukae naye, umwulize anaona nini.